Beringi za Mkwe

Kwanza ulikuwa mvumo. Ulipanda kutoka ardhini, ukapita kwenye soli za viatu vyangu vipya, ukaja kutulia kifuani. Vuu-vuu-vuu-vuu, vuu-vuu-vuu-vuu. Nilikuwa bado nje ya geti la chuma, sioni kitu ila kutu na kufuli, na tayari vidole vyangu vilikuwa vinahesabu ndani ya mfuko wa suruali: nane, kisha nane. Mizani kumi na sita, mshororo uliotimia. Nikajisemea kwamba mashine zenyewe zimenipokea kwa lugha yangu.

Sikuwa mnyonge siku ile. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ufundi mitambo, wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo, na mtunzi wa mashairi ambaye hakufundishwa na mtu. Chuo kilikuwa kimenipeleka kwenye kituo cha kusukuma maji kwa wiki nane za mafunzo kazini. Kila Ijumaa fundi wa kituo angetia sahihi kitabu changu cha mafunzo. Bila sahihi zile hakuna cheti, na bila cheti miaka yangu mitatu ya chuo ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Geti lilifunguliwa na mwanamke mfupi, mnene wa mabega, ovaroli yake imefuliwa hadi rangi ikasahau ilikuwa bluu au kijivu. Nyuma ya sikio lake la kulia kulikuwa na sugu ndogo kama punje ya haragwe. Wote walimwita Mama Sikio, na huyo ndiye angenifundisha. Alitazama sanduku la spana nililobeba, akatazama viatu vyangu, akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kuposa.

Nikamwambia nimekuja kazini, na kwamba naweza kuifungua pampu na kuirudisha nikiwa nimefumba macho.

"Macho yafumbe," akasema, "ila mikono itie mfukoni. Wiki hii wanaofanya kazi ni masikio."

Sanduku langu likabaki kwa mlinzi.

Ukumbi wa pampu ulikuwa mrefu, sakafu ya zege iliyopakwa rangi ya kijivu na mistari ya njano, madirisha juu kabisa karibu na paa. Mota nne za kijani zilikaa kwenye mstari, kila moja na pampu yake ubavuni. Mwishoni kulikuwa na meza ya chai, benchi, na ubao mweusi ukutani. Wafanyakazi walizipa pampu zile majina ya ukoo, na ole wako uzitaje kwa namba. Ya kwanza ilikuwa Bibi, kwa umri na kwa kunung'unika. Ya pili Shemeji, kwa sababu huyo unaweza kumtania, ukamzima na kumwasha bila adabu na asikasirike. Ya nne, mpya, yenye makelele na kudeka, ilikuwa Kitindamimba. Na ya tatu, kubwa kuliko zote, iliyopeleka maji nusu ya mji pamoja na hospitali, ilikuwa Mkwe. Mkwe hakaribiwi ovyo. Hata wafagiaji walipita mbele yake kwa hatua za taratibu.

Kila pampu ilikalia beringi mbili, zile pete za chuma zenye gololi ndani zinazobeba mhimili unapozunguka. Mbili mara nne ni nane. Hizo nane ndizo zilikuwa shule yangu.

Mama Sikio alinipa bisibisi ndefu kama mkono wangu. Akanionyesha: ncha unaiweka juu ya nyumba ya beringi, mpini unaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha unafunga mdomo. Sauti inapanda ndani ya chuma, inaingia kichwani bila kupita hewani. Beringi nzima inavuma. Beringi yenye njaa ya grisi inakwaruza. Beringi inayokufa inagonga. Nilitakiwa kuzisikiliza zote nane asubuhi na alasiri, na kuandika nilichosikia, siku tano, bila kushika spana.

Nilichemka. Mimi, wa kwanza darasani, nisimame nimeegemea mota kama mtu anayepeleleza majirani? Nilipomwambia Mjomba Valvu kwamba huku ni kupotezeana muda, aliniangalia kwa upole unaoudhi. Mjomba Valvu alikuwa mzee mrefu aliyefungua na kufunga valvu za kituo kile tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Alichukua kitabu changu, akasoma ukurasa wa Jumatatu, akacheka hadi akashika meza. Nilikuwa nimeandika kwamba Bibi ana mizani nane kwa nane, lakini kwenye kipande cha pili huwa anameza moja.

"Fundi Sikio," akaita, "tumeletewa malenga."

Mama Sikio akasoma. Hakucheka. Alikwenda kwa Bibi na bisibisi yake, akasikiliza kwa muda, akarudi akaniambia kwamba anayoyasikia yeye ni yale yale, ila miaka yote hakuwa na namna ya kuyaeleza. Tangu hapo jina likanikaa: Malenga. Walilisema kwa dhihaka, nami nikalivaa kama koti la mtu mkubwa.

Wiki ya pili nilipewa grisi. Ya tatu nikarudishiwa sanduku langu. Ya nne nilifungua Shemeji kwa mikono yangu, Mama Sikio ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya chungwa, haongei ila nikikosea. Sitaki kumpamba kuliko alivyo. Alikuwa na ulimi wa wembe. Lakini hakuniacha nifanye jambo bila kujua kwa nini linafanywa, na nilipouliza swali la maana aliacha hata chai yake ipoe. Katika wiki tano nilielewa vitu ambavyo darasani nilivikariri tu, na nikaanza kutembea ukumbini kama mtu wa nyumbani.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo sikuwahi kuisikia kwingine. Ule ubao wa ukutani ulionyesha beringi nane, na kila wiki beringi iliyotiwa grisi ilipigwa alama ya chaki. Kituo kilipokuwa na mwanafunzi, Mama Sikio hakuzikagua upya beringi zile. Ijumaa asubuhi alifungua kitabu cha mwanafunzi, akatia sahihi, akanakili ubaoni yale yaliyoandikwa mle. Nilipomuuliza kwa nini anamwamini hivyo mtu wa kupita, alinijibu kwamba mwanafunzi anayejua kuwa kitabu chake kinakwenda kwa mwalimu tu ataandika insha, bali anayejua kuwa mji unakunywa kwa maandishi yake ataandika ukweli.

Maneno mazuri. Niliyapenda hata nikayanakili. Kisha nikafanya nilichofanya.

Ijumaa, Mama Sikio alisaini saa mbili na nusu, kwa sababu saa tatu alikwenda bohari kuchukua vifaa vya wiki. Lakini kazi ya Ijumaa ilikuwa kutia grisi, na beringi nane haziishi kabla ya saa nne. Wenzangu wa chuo, waliokuwa kwenye karakana nyingine, walikuwa na dawa ya tatizo hilo: andika ya kesho leo. Wote walifanya hivyo. Walisema kitabu kinapikwa kama chakula chochote, na chakula hakisubiri mgeni afike ndipo kiinjikwe. Wiki mbili nilifanya hivyo na hakukuwa na madhara, maana nilichoandika Alhamisi nilikitimiza Ijumaa kabla ya chakula cha mchana.

Wiki ya sita, Alhamisi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Ijumaa: nimetia grisi beringi zote nane." Ijumaa asubuhi Mama Sikio akasaini, akapiga alama nane ubaoni, akaenda bohari. Nikaanza na Bibi, kisha Shemeji, kisha nikaruka kwa Kitindamimba, kwa sababu Mkwe nilimwekea mwisho, kwa heshima yake. Nilikuwa nafuta mikono niende kwa Mkwe, Injinia akaingia.

Injinia alikuwa mkuu wa kituo, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alihitaji mtu wa kumshikia futi kwenye tangi la juu. Nilifurahi kuchaguliwa. Tulipima hadi jioni. Jumatatu bomba kuu likapasuka upande wa pili wa mji, na sote tukawa kwenye matope siku mbili. Beringi za Mkwe zilinitoka kichwani kabisa, kama jina la mtu uliyesalimiana naye njiani.

Jumatano asubuhi niliingia ukumbini, na kabla sijaweka begi chini nikasimama. Mvumo haukuwa mizani yangu. Mle ndani ya vuu-vuu kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kama mtu anayekuna sufuria kwa kijiko mbali sana. Nikachukua bisibisi. Bibi, hapana. Shemeji, hapana. Nilipoweka ncha juu ya beringi ya kwanza ya Mkwe, sauti iliniingia mfupani hadi meno yakauma.

Nikamwita Mjomba Valvu, nikamwambia Mkwe azimwe. Akasema Mkwe hazimwi kwa ndoto ya mwanafunzi, hospitali iko upande wa pili wa bomba. Mama Sikio akaja mbio, akasikiliza kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akageuka.

"Mzime. Washa Kitindamimba, umfungulie njia yote."

Tulipoifungua nyumba ya beringi, joto lilitupiga usoni. Gololi zilikuwa zimebadilika rangi, na ndani hakukuwa na grisi ila ukoko mweusi. Mhimili ulikuwa salama. Mama Sikio alisema tungechelewa hadi mchana, mhimili ungeliwa, na Mkwe angelala mwezi mzima.

Basi nikawa shujaa. Mjomba Valvu alinishika bega, akanitangaza mbele ya wote kuwa Malenga ana sikio la popo. Injinia akaja mwenyewe, akaniuliza nilisikiaje, nikamweleza. Akasema kituo kinaajiri fundi msaidizi mmoja mwaka huu, kwamba amekuwa akitafuta mtu, na kwamba ataandika barua ya kunipendekeza jioni hiyo hiyo. Mama Sikio alinimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilikinywa kile kikombe kama mfalme.

Nilikuwa bado na kikombe mkononi Injinia alipouliza swali lililofuata. Kwa nini beringi ilikauka? Alitazama ubaoni. Ijumaa, alama nane. Akatazama kitabu changu, sahihi ipo. Grisi ilitiwa, basi. Kama grisi ilitiwa na beringi ikaungua siku tano baadaye, Mkwe alizidishiwa mzigo. Na anayempa Mkwe mzigo ni mwenye kushika valvu. Akamuuliza Mjomba Valvu kama mwishoni mwa wiki alimwendesha Mkwe na valvu imefunguliwa nusu. Mzee akasema hapana. Injinia akaandika kitu, akataja barua ya onyo. Mzee akarudia kwamba hapana, safari hii kwa sauti ndogo zaidi.

Hapo ndipo Ijumaa iliponirudia, nzima, na rangi zake: kitambaa cha kufutia mikono, Injinia mlangoni, Mkwe nyuma yangu akingoja.

Nilifungua mdomo. Ikatoka chai tu, nikakohoa. Wakacheka, wakasema shujaa amepaliwa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama kwenye cherehani yake sebuleni, anashona sare za shule. Yeye ndiye aliyeishona ovaroli yangu, na upande wa kifua akaiwekea mfuko wa kipimo cha kitabu cha mafunzo. Habari za kusifiwa kwangu nilimpa kwa ufupi, naye akazipokea kwa urefu. Nilipotoka kuoga, jirani wa kulia na wa kushoto walikuwa wameshajua kwamba mtoto wake ameokoa maji ya mji. Nikaketi kwenye kona yangu nikaandika ubeti, maana mkono wangu una tabia ya kujisifu kabla ya kichwa kuruhusu:

Mkwe leo una nini, mbona wakoroma hivi?
Nimesikia jamani, si wimbo, bali ugomvi;
Kuna kisa cha moyoni, ama ni wako ulevi?
Sema nami taratibu, usije ukavunjika.

Vina vilikaa, mizani ilitimia. Nikausoma tena, na ule mstari wa mwisho ukanigeuka. Mkwe alikuwa amesema. Alisema asubuhi ile, tena taratibu, na alilokuwa anataja ni jina langu.

Mama alikuwa anafumua sketi kwa wembe. Nikamuuliza anafumua nini, mbona iko sawa. Akasema kwa nje iko sawa, ila bitana ameikamata vibaya. Nikamwambia bitana haionekani, mwenye sketi hatajua.

"Haionekani," akasema bila kuinua macho, "lakini ndiyo inayokaa na ngozi ya mtu siku nzima. Hebu nipishe kwenye mwanga."

Nikampisha. Nilichana ule ubeti, kisha nikajuta, kwa sababu ulikuwa mzuri. Kwa hiyo nimeuandika hapa.

Nilijipa hoja nyingi zisizokwisha. Kwamba Mjomba Valvu ni mtu wa zamani, barua moja ya onyo haimwangushi. Kwamba mimi ndiye niliyesikia, na bila mimi Mkwe angekufa. Kwamba wote wanaandika ya kesho leo. Kwamba nafasi ya kazi ni moja, na mama ameshawaambia majirani. Kila hoja ilikuwa na miguu miwili na haikusimama hata moja.

Asubuhi ya Alhamisi walikuwa wote kwenye meza ya chai. Injinia alikuwa na karatasi mbili. Moja nilitambua kwa jina langu juu yake. Ya pili ilikuwa mbele ya Mjomba Valvu, na mzee alikuwa ameshika kalamu ya Injinia, anaitafuta sehemu ya kusaini kupokea onyo. Hakuwa na miwani yake. Alimwomba Mama Sikio amwonyeshe mstari.

"Mjomba, weka kalamu chini," nikasema.

Akanitazama. Wote wakanitazama. Mimi ni mtu wa kusema mbele za watu, nimeshasimama kwenye majukwaa ya chuo nikaghani beti thelathini bila karatasi. Yale maneno machache yalinishinda uzito.

"Mkwe hakutiwa grisi Ijumaa. Niliandika Alhamisi kwamba nimetia, nikidhani nitatia. Nikaitwa tangini, nikasahau. Ubao ni wa uongo, na uongo ni wangu. Mjomba hakugusa kitu."

Injinia akauliza kama naelewa ninachokisema, akaongeza kwamba barua ile nyingine ilikuwa ipelekwe makao makuu saa nne. Nikamwambia naelewa.

Mama Sikio hakunifokea. Heri angenifokea. Alinyoosha mkono, nikatoa kitabu kwenye mfuko alionishonea mama, akakifungua penye ile Ijumaa, akakigeuza kunielekea.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Nilisaini saa mbili na nusu kazi ya saa nne. Wiki tatu. Nilikuwa naona, nikasema kijana ana haraka na ana uwezo." Akamgeukia Injinia. "Andika na jina langu. Mwanafunzi hakosei peke yake."

Kisha akaenda ubaoni, akafuta alama zote nane kwa kiganja, hata zile sita zilizokuwa za kweli.

Injinia aliichukua karatasi ya Mjomba Valvu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu zake. Barua yangu hakuichana. Aliniambia kwamba haitakwenda leo, na kwamba atakapojua la kuandika ataandika. Akaondoka. Mjomba Valvu alichukua kikombe chake, akakiosha, akakirudisha mahali pake, akaenda kwenye valvu zake. Siku nzima hakuniita Malenga. Sikujua kama jina lile la utani lingeweza kuniuma kwa kukosekana.

Hukumu ya Mama Sikio ilikuwa hivi. Ukurasa wa wiki ya sita ulipigwa mstari, na niliuandika upya, siku kwa siku, pamoja na lile nililoliacha. Wiki moja ingeongezwa, ziwe tisa. Yeye mwenyewe alizungumza na mwalimu wangu wa chuo kwa simu, akamweleza yote, wala hakupunguza lake. Na safari yake ya bohari akaihamishia Ijumaa alasiri, ili asisaini tena kitu ambacho hakijaiva.

Beringi mpya ilifika Jumanne. Nilidhani ataivika yeye. Akaketi kwenye ndoo yake na chungwa lake.

"Uliyemuumiza ndiye unayemtibu. Mimi niko hapa."

Beringi mpya haiingii kwenye mhimili kwa kupigwa nyundo. Unaipasha moto kwenye karai la mafuta hadi itanuke, unaitoa kwa koleo, na una muda wa kuhesabu kumi hivi kuisukuma mahali pake kabla haijasinyaa na kung'ang'ania pabaya. Nilivaa glavu. Nilihesabu mizani, siyo sekunde. Mshororo mmoja, kumi na sita, ndio muda wangu. Kwenye nane ya kwanza ilikuwa mlangoni mwa mhimili. Kwenye nane ya pili iligota kwenye kikomo chake kwa mlio mdogo mzito, na mikono yangu ikajua kabla ya mimi kujua kwamba imekaa. Mama Sikio aliacha kumenya. Alikuja akapitisha kipimo pande zote, akarudi kwenye ndoo.

"Shuleni walikuambia uhesabu mashairi?"

"Hapana."

"Basi usiache."

Tukamjaza Mkwe grisi, tukafunga, Mjomba Valvu akafungua njia pole pole. Mvumo ukapanda kutoka sakafuni. Niliweka bisibisi, nikafunga mdomo. Vuu-vuu-vuu-vuu. Sikuwahi kusikia kina kilichokaa sawa kama kile.

Mjomba Valvu alisimama karibu yangu akifuta mikono. Ndipo akanena nami, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Malenga. Siku nyingine ukitaka kunistaafisha mapema, niletee shairi. Usiniletee barua."

Nilicheka hadi nikalazimika kuutoa mpini sikioni.

Wiki ya tisa ilipita ikaisha. Ijumaa ya mwisho Injinia aliniita, akanipa nakala ya barua aliyoipeleka makao makuu. Ilikuwa ile ile ya kunipendekeza, imeongezwa mistari. Ilisema kwamba mwanafunzi huyu aliandika kazi ambayo hakuifanya, na kwamba beringi moja iliharibika kwa sababu hiyo. Ilisema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeusikia ubovu kabla ya mtu mwingine yeyote, na yeye mwenyewe ndiye aliyeusema wakati ambapo kunyamaza kungempa kazi. Ilimalizia kwamba kituo kinaomba aajiriwe kwa miezi sita ya majaribio, chini ya fundi wake yule yule.

Niliposoma mistari ile mara ya kwanza, damu ilinipanda. Nani anatafuta kazi akiwa na aibu yake imepigwa chapa na kutiwa muhuri? Nikaisoma tena, nikaona kwamba kila neno ni la kweli, na kwamba sijawahi kuandikiwa sifa iliyokaza nati zake zote namna ile. Jibu la makao makuu lilikuja kabla sijamaliza kukusanya vitu vyangu, kwa simu, dakika mbili: nianze tarehe moja.

Mama Sikio alisaini ukurasa wa mwisho saa nane mchana, baada ya kuzunguka nami beringi zote, moja baada ya moja. Akaniambia kwamba miezi mitatu ijayo chuo kitaleta wanafunzi wawili wapya, kwamba yeye amechoka kufundisha watu wenye viatu vipya, na kwamba hao watakuwa wangu. Kisha akanipa chaki.

Nilikwenda ubaoni. Mjomba Valvu alikuwa kwenye benchi na miwani yake safari hii, ananisoma mgongo. Nikapiga alama ya Bibi, mbili. Ya Shemeji, mbili. Ya Kitindamimba, mbili. Kwa Mkwe nikasita. Nilikuwa nimemtia grisi asubuhi ile ile, Mama Sikio akiangalia, lakini nikachukua bisibisi, nikaenda kumsikiliza tena, upande huu na upande ule. Kisha ndipo nikarudi nikapiga mbili zilizobaki.

Nilipogeuka, mzee alikuwa ananingoja. Chaki ilikuwa bado vidoleni mwangu. Niliinua sauti ili nisikike juu ya pampu zote nne, na ili Mama Sikio naye asikie.

"Mjomba, siku utakayostaafu nitakushika mkono nikuzungushe kwa zote nane, uzisikilize kwa sikio lako mwenyewe, na hakuna hata moja utakayoikuta na njaa. Hiyo ni ahadi, nami sitaiandika popote hadi niwe nimeitimiza."